Kumfunza mtoto usalama wa bunduki: maneno, maigizo, kufuli au uwanja wa shabaha?

Lamu mjini watoto hupanda mizinga ya zamani iliyo mbele ya jumba la makumbusho, wakaning'iniza miguu, na hakuna mzazi anayeshtuka. Mizinga ile imekufa zamani. Lakini mtoto wa miaka sita hana kipimo cha kutenganisha chuma kilichokufa na kilicho hai, na siku ya Idi mkono wake mwenyewe umeshika bastola nyeusi ya plastiki aliyoinunua kwa pesa za mkono wa Idi. Za kweli nazo haziko mbali. Yuko askari aliyepanga chumba mtaani, yuko polisi wa akiba kijijini, na Malindi yuko mfanyabiashara mwenye bastola ya leseni. Upande wa msitu wa Boni, tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 na operesheni ya usalama iliyofuata mwaka 2015, kuna pia hatari ya vitu vya kuokota: risasi, maganda, vilipuzi.

Mzazi, ustadh wa madrasa au mwalimu mkuu anayetaka kuchukua hatua hukuta njia nne mbele yake: kuwafunza watoto maneno ya kukariri, kuwafanyisha maigizo, kuifunga silaha yenyewe, au kumpeleka kijana uwanja wa shabaha kwa mkufunzi.

Vipimo vya kulinganishia

Tutaziuliza zote maswali matano. Zinamfaa mtoto wa umri gani? Zinabadilisha mkono, au mdomo tu? Zinadai muda na vifaa gani? Zikiharibika, huharibikia wapi? La tano ndilo watu hulisahau, na kwa maoni yetu ndilo linaloamua zaidi: bunduki unayoiogopa iko wapi? Chumbani mwako, kwa jirani, au porini?

Juu ya umri kuna dhana moja ya kuondoa mapema. Wengi husema mtoto mdogo hana nguvu za kufyatua. Vipimo vya nguvu za vidole vilivyochapishwa Marekani mwaka 1995 vilionyesha kuwa robo ya watoto wa miaka 3 hadi 4 waliweza kuvuta kifyatulio cha bastola nyingi. Wa miaka 5 hadi 6 walikuwa asilimia 70, na wa miaka 7 hadi 8 asilimia 90. Tena mtoto mdogo havuti kwa kidole cha shahada kama askari. Huigeuza bastola, akakisukuma kifyatulio kwa vidole gumba viwili, mdomo wa mtutu ukimtazama yeye kifuani.

Njia ya kwanza: maneno manne

Mfano unaojulikana zaidi ulianzishwa mwaka 1988 na NRA, chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani, kwa kumtumia tai wa katuni aitwaye Eddie Eagle: simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Kwa Kiswahili hukaa vizuri zaidi mtoto akijisemea mwenyewe: Nisimame. Nisiguse. Niondoke. Nikaseme. Yanapigika makofi, na darasa zima huyashika kwa siku moja.

Umri wake ni miaka 4 hadi 9. Muda ni dakika kumi kwa wiki, wiki nne mfululizo, kisha mara moja kila mwanzo wa muhula. Shuleni hutosha katika kipindi cha PPI, yaani kile cha mafunzo ya dini, madrasa kabla ya dua ya kufungia. Kifaa hakuna, labda ubao.

Usiyafundishe kama kasuku, kila neno lina kazi yake. "Niondoke" lipo kwa sababu anayefyatua huenda asiwe wewe; ni mwenzako aliyebaki ameishika huku akicheka. Na "nikaseme" halitoshi bila jina. Kila mtoto ataje watu watatu: mmoja wa nyumbani, mmoja wa shule au madrasa, mmoja wa mtaani. Mtoto aliyeambiwa "mwambie mtu mkubwa" humwambia kaka wa miaka kumi na tatu, naye kaka huenda kuitazama.

Je, hubadilisha mkono? Hapa matokeo yanavutana. Mwaka 2001 kulichapishwa jaribio la Atlanta: wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, wakiwa wawiliwawili au watatuwatatu, waliachwa dakika 15 katika chumba chenye kioo cha kuonea upande mmoja. Droo moja ilikuwa na bastola mbili za maji, nyingine bastola ya kweli isiyo na risasi, iliyofungwa kifaa cha kurekodi. Waliipata 48. Walioishika ni 30, na 16 wakavuta kifyatulio kwa nguvu za kutosha kutoa risasi. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika walisema wamewahi kufunzwa usalama wa bunduki kwa namna fulani. Upande wa pili, jaribio la Ohio la 2023 liliwaonyesha watoto wa umri huohuo video ya dakika moja ya mkuu wa polisi aliyevaa sare, kisha wakajaribiwa baada ya wiki moja. Walioiona, asilimia 39 waliigusa bastola. Wasioiona, asilimia 67. Hiyo ni faida kubwa kwa kazi ya dakika moja, lakini asilimia 39 bado ni watoto wengi.

Inapokwama ni mahali pawili. La kwanza ni bandia: karibu nusu ya wavulana wa Atlanta walioipata bastola walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika. Kwa hiyo kanuni iseme hata ya plastiki, kama si yako na hukuiona ikinunuliwa, usiiguse. La pili ni kiboko. Mtoto aliyekuwa akipekua mahali alipokatazwa hatakuja kusema, maana anajua atakaloulizwa kwanza ni alifuata nini huko.

Inamfaa mwalimu mwenye watoto hamsini na nusu saa, na mzazi anayeanza leo hii.

Njia ya pili: maigizo na jaribio la kimyakimya

Hapa mtoto hatamki kanuni, anaifanya. Umri bora ni miaka 5 hadi 10. Kundi liwe la watoto sita hadi wanane, watu wazima wawili, dakika thelathini mara ya kwanza. Kifaa ni bastola moja ya bandia, nyeusi, ya ukubwa wa kweli. Ya maji au ya rangi ya machungwa haifai, kwa kuwa mtoto atajifunza kukwepa rangi. Na kamwe isiwe ya kweli, hata kama mwenyewe ameitoa risasi mbele yako.

Anza kwa kuonyesha. Mwalimu anaingia, anaikuta imefunikwa nusu kwa kanga juu ya baraza. Anasimama. Anapeleka mikono nyuma, anashikanisha vidole, anageuka, anatoka kwa mlango alioingilia, anamwendea mtu mzima na kusema nini na wapi: "Kuna bunduki juu ya baraza, chini ya kanga ya bluu." Ile mikono ya nyuma si pambo. Mkono mtupu hutafuta kazi, na hapo umeshapewa. Kisha kila mtoto afanye peke yake, mara tano mfululizo bila kosa, mahali pakibadilishwa: chini ya mto, ndani ya begi lililofunguka, kando ya tangi la maji, kwenye kidaka cha ukutani.

Halafu linakuja lile linaloitofautisha njia hii na mchezo wa kuigiza wa kawaida. Baada ya siku tatu hadi saba, bila kumwambia mtoto, iweke ile bandia mahali atakapoikuta mwenyewe akiwa katika shughuli nyingine. "Hebu nenda kaniletee ufagio nyuma ya mlango." Wewe uko dirishani, hakuoni. Akifanya sawa, msifu. Akiishika, ingia papo hapo, bila ukali, na mrudie hatua zote mara tano mahali pale pale. Majaribio ya Marekani kwa watoto wa miaka 4 hadi 7 yalionyesha jambo hili waziwazi: watoto waliofanya vizuri darasani walishindwa walipoikuta bastola peke yao, na kilichowabadilisha wengi ni kusahihishwa mahali walipokosea.

Inapokwama: ukijaribu mara nyingi, inakuwa kibemasa, mchezo wa kujificha na kutafutana, na mtoto anaanza kuitafuta. Majaribio mawili yanatosha, kisha moja kila likizo. Pia mtoto aliyefaulu peke yake huanguka akiwa na rafiki, kwa hiyo jaribio la pili liwe la watoto wawili.

Kuna hatari nyingine ya papa hapa petu. Bastola nyeusi ya bandia ikionekana uchochoroni, doria ikipita, inaweza kuleta balaa kuliko ile uliyokuwa ukiikinga. Fanyeni ndani, mlango umefungwa, wazazi wa kila mtoto wamekubali, mzee wa mtaa ana habari, na bandia ihesabiwe na kurudishwa kabla mtoto yeyote hajatoka.

Na mfunze mtu mzima pia. Mtoto akija kusema, jibu la kwanza liwe moja tu:

"Mama, kwa kina Athumani kuna bunduki kitandani."

"Ahsante mwanangu kwa kuniambia. Athumani yuko wapi sasa hivi?"

Swali la nani aliingia chumba cha nani lingoje kesho. Kwanza toa watoto wote mle, kisha umtafute mwenyewe mwenye silaha.

Inamfaa mzazi au madrasa ndogo yenye subira, na zaidi mitaa ambayo silaha iko nyumba ya mwingine, ambako wewe huna ufunguo.

Njia ya tatu: kufuli

Njia hii haimfunzi mtoto chochote. Inamfunza mwenye bunduki. Inafaa umri wote, na kwa makundi mawili hakuna inayoifikia: walio chini ya miaka minne, ambao hakuna neno linaloingia, na vijana wa miaka 13 hadi 19. Kijana aliyeanguka mtihani, aliyeachwa, au aliyekata tamaa hahitaji kufunzwa kwamba bunduki inaua. Anajua. Kinachomwokoa ni kuikosa saa ile. Utafiti wa Marekani wa 2005 ulipima mambo manne, kila moja peke yake: bunduki kutokuwa na risasi, bunduki kufungiwa, risasi kuwekwa mbali na bunduki, na risasi kufungiwa. Yote manne yalihusiana na kupungua kwa vijana na watoto waliojiumiza kwa silaha za nyumbani, kwa kukusudia na kwa bahati mbaya.

Kazi huanza kwa kuitoa risasi, na mpangilio ndio uhai. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamfikia mtu. Katika nyumba ya ghorofa yenye dari ya boriti, sakafu si mahali salama, kuna watu chini yake. Toa magazini, yaani kile kibebeo cha risasi, kwanza. Kisha vuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, nyuma ili risasi iliyomo kwenye chemba, nyuma ya mtutu, iruke nje. Tazama ndani, halafu pitisha kidole kidogo. Ukiugeuza mpangilio, ukavuta kwanza na kutoa magazini baadaye, umeingiza risasi nyingine huku ukiamini bunduki ni tupu. "Nilishatoa magazini" ni sentensi iliyozika watu wengi, kwa kuwa risasi moja ilibaki ndani.

Baada ya hapo bunduki sefuni, risasi katika kasha jingine lenye kufuli lake, ufunguo mwilini mwa mwenyewe na si msumarini. Sefu yenyewe ina mambo yake huku pwani. Kuta za nyumba za mawe za Lamu ni matumbawe na chokaa. Bolti ya kupanuka hushika mwanzo, kisha chokaa inamomonyoka na sefu ndogo inalegea mpaka mtu anaibeba. Ifungeni kwenye sakafu ya zege, au kwenye boriti nzima. Nyumba nyingi mpya za Malindi zina zege chini, kazi ni nyepesi zaidi. Hewa ya chumvi hushambulia kufuli la chuma, ufunguo unaanza kugoma, na mwenye nyumba akichoka anauacha ukining'inia pale pale. Nunua kufuli la shaba, ulitie tone la mafuta ya cherehani kila mwezi. Sefu ya betri nayo ifunguliwe na kukaguliwa mara moja kwa mwezi, maana vishikio vya betri huota kutu ya kijani.

Inapokwama ni pale mtu anapoita kuficha kufungia. Juu ya ukuta chini ya makuti, nyuma ya kidaka, ndani ya sanduku la nguo za marehemu bibi: mtoto anayaju­a yote hayo, ndiye anayekaa nyumbani mchana kutwa. Huko Alabama, mwaka 2006, wazazi waliosema watoto wao hawajui bunduki iliko walilinganishwa na watoto wenyewe. Asilimia 39 walipingwa na watoto wao.

Upungufu wake mwingine hauna dawa: kufuli lako halifungi bunduki ya jirani, wala risasi iliyoanguka njiani.

Inamfaa kila mwenye silaha ndani, iwe ya leseni au ya kazi. Kama nyumbani kuna kijana asiye na raha kwa wiki kadhaa, sefu pekee isitegemewe. Iondoke nyumbani kwa muda, ikabidhiwe kituo cha polisi au ghala la silaha la kikosi.

Njia ya nne: uwanja wa shabaha

Hii ni ya vijana, si watoto. Sisi hatungeanza chini ya miaka 15, tena kwa kijana mtulivu na kwa ridhaa ya mzazi aliyepo uwanjani. Mkufunzi awe na kibali, kijana mmoja kwa mkufunzi mmoja siku za mwanzo. Mchezo wenyewe una heshima yake: bunduki ya hewa ya mita 10, yenye kipopoo (kirisasi kidogo) cha milimita 4.5, iko katika Olimpiki. Miwani ya kinga haiepukiki, kwani kipopoo kidogo hivyo hupofua jicho. Bunduki ya hewa isinunuliwe kiholela pia. Ulizeni polisi kuhusu kibali kabla.

Kijana hufunzwa mambo manne mpaka yawe desturi: kila bunduki ina risasi mpaka wewe mwenyewe uhakikishe, mtutu hauelekei usichotaka kukiharibu, kidole kinalala ubavuni, nje ya kifyatulio, hadi uamue kufyatua, jua shabaha yako na kilicho nyuma yake. Huu ndio mkono hasa unaobadilika, na kijana anayejiandaa kwa kazi ya askari au ya ulinzi wa wanyamapori hupata nidhamu mapema.

Gharama ni kubwa kuliko zote. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni takriban kilomita 120 kwenda tu; kutoka Lamu ni boti, kisha basi la siku nzima. Inapokwama: kijana hurudi na ujuzi pamoja na hamu ya kuwaonyesha wenzake, na ile nidhamu ya uwanjani ilisimamiwa na mkufunzi ambaye mtaani hayupo. Nyumba isiyo na kufuli isimpeleke kijana uwanjani.

Risasi na vilipuzi vya porini ni habari tofauti

Kwa bunduki, mtoto akishaondoka amesalimika. Kwa kitu kilichofukiwa au kutegwa, namna ya kuondoka yenyewe ni hatari, kwa hiyo maneno manne yanabadilika kidogo. Simama hapo hapo. Usiguse, usirushe jiwe, usivute waya. Rudi polepole kwa nyayo zako mwenyewe, usikate njia mpya. Wakataze wengine kwa sauti wasikusogelee. Ukishafika mbali, mtu mzima apige 999 au 112. Mtu mzima naye asiokote risasi ili "kuzipeleka kituoni"; kukutwa nazo bila kibali ni kosa, na zilizolowa na kuota kutu hazitabiriki. Wavuvi, wachungaji na wakata mikoko wakifunzwa hili, watoto wanaofuatana nao hulipata bila darasa.

Chagua kwa hali yako

Kama bunduki iko ndani ya nyumba yako na una watoto wadogo, anza na kufuli leo usiku. Maneno manne yafuate wiki hii, maigizo likizo ijayo.

Kama huna silaha ila jirani ni askari au polisi wa akiba, nguvu zako ziende kwenye maigizo, na mazungumzo ya heshima na jirani huyo kuhusu inakolala.

Kama wewe ni mwalimu wa darasa kubwa, maneno manne ndiyo utakayoyamudu. Chagua kundi moja dogo kila muhula la kulifanyisha maigizo, na waite wazazi mara moja uwaeleze jibu la kwanza la kumpa mtoto anayekuja kusema.

Kama uko Basuba, Kiangwe au karibu na msitu, somo la vilipuzi litangulie la bunduki.

Kama una kijana wa miaka 16 anayeitaka bunduki kwa macho yote, uwanja wa shabaha ni bora kuliko kumkataza huku ana simu iliyojaa video. Lakini kama kutaka kwake kumekuja pamoja na kujitenga na kukosa usingizi, acha uwanja, shughulikia hali yake. Namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, hailipishwi.

Na kama shemeji askari anakuja kulala kwenu siku mbili za Idi, muulize mlangoni, kabla ya chai: "Shemeji, chombo umekuja nacho?" Akisema kimo begini, lipeleke pamoja naye chumba chenye komeo la juu, ufunguo ukae kwake, na watoto walale upande mwingine wa nyumba.